Shangazi, mtu asiye na kipaji aanzie wapi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 44, ni karani wa ghala la mahindi hapa Songea. Kazi yenyewe haina la ajabu: gunia likiletwa nauma punje; ikilia mkavu napokea, ikibonyea chini ya jino namrudishia mwenyewe akaanike. Binti yangu wa darasa la sita anachora vizuri, na jirani amesema kipaji hicho hakikutoka kwangu. Maneno hayo yamenikaa. Natamani nami nibuni kitu, ila jioni nashika simu mpaka usingizi unanichukua. Je, ubunifu si wa waliozaliwa nao?
Karani, Songea

JIBU: Marahaba mwanangu. Eti kazi yako haina la ajabu! Mtu anayeutambua unyevu kwa jino ana utulivu wa kusikiliza kitu kidogo, na ubunifu wote ninaoujua mimi umeanzia hapo.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alitoka mkoa wako huohuo wa Ruvuma, kule Tunduru, alikozaliwa mwaka 1932. Chuo cha sanaa hakukanyaga. Dar es Salaam aliishi kwa vibarua na kazi za nyumbani, na alipoanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake unaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Lakini usidhani lazima ufike huko. Mimi nimelelewa Pemba na wasuka ukili, ile mikanda ya miyaa, yaani majani ya mkindu, inayoshonwa kuwa mkeka, na hakuna aliyewaita wasanii. Miyaa iliyochovywa rangi hunyunyiziwa maji isikatike, ikapasuliwa myembamba. Vidole vinaipishanisha, na mwaa mmoja ukikaribia kuisha unaungwa mwingine kabla ncha haijapotea. Mawazo yakikimbia, ua linaharibika, na hapo hakuna dawa ila kufumua. Kwa hiyo walikuwepo pale walipokaa, mwili na akili, hata kama wanazungumza. Mama yangu aliweza kuingia msibani, akatazama mkeka uliotandikwa, akajua umesukwa na nani.

Sasa, usinunue kitu. Chukua kalamu yako ya ghalani na karatasi iliyoandikwa upande mmoja, uchore punje moja, kubwa kama kiganja. Itazame kwanza: kiini kimekaa wapi, ganda linang'aa upande gani, ile ncha iliyong'oka kwenye gunzi ina rangi gani. Simu iache chumba kingine, maana hiyo ndiyo inayokula jioni zako. Binti yako akitaka, akae upande wa pili wa meza na karatasi yake. Msisahihishane, tafadhali, wala jirani asionyeshwe.

Ukimaliza punje nzima, tafuta iliyotobolewa na dumuzi. Hiyo ina mengi zaidi ya kuchora. Nitumie mojawapo, nitafurahi kuiona.