Boksi "lina cheti cha MIL-STD-810"? Nani kakitoa?

Swali: Injinia shikamoo. Tupo vijana wanne hapa Tanga, tumetengeneza redio ya kufungwa kwenye magari ya doria na kuna tenda inataka kifaa kiwe kimepimwa kwa MIL-STD-810H, kile kiwango cha jeshi la Marekani cha kupima kama kifaa kinahimili joto, mvua, mtetemo na kadhalika. Aliyetuuzia boksi la kuifungia redio anasema boksi lake lina cheti tayari. Kuna jamaa mwingine anatufanyia paketi ya vipimo vitano kwa bei poa. Inatosha? Na tuanze na kipimo gani?

Jibu: Marahaba fundi. Mpangilio wa vipimo nitaufikia, ila hilo la cheti ngoja nilitoe rohoni kwanza maana haipiti wiki sijaletewa. Hakuna cheti cha MIL-STD-810. Kiwango kilitoka 1962, toleo H ni la 2019, na miaka yote hiyo jeshi la Marekani halijawahi kuwa na ofisi ya kugonga mihuri kwenye maboksi ya watu. Kilichopo ni maabara kupima kitu fulani kwa mbinu fulani na kuandika ripoti, basi. Mbinu ziko 29, kuna joto, kuna kuvu, kuna mpaka mabehewa ya treni kugongana. Sasa mtu akikwambia "limepasi 810" ni sawa na mtu anayesema alifaulu mtihani, si unamuuliza wa darasa la ngapi na somo gani?

Halafu hilo boksi lilipimwa tupu. Nyie mmetoboa tundu la antena, la konekta ya umeme, mmeweka bodi ya umeme inayochemka ndani, ile ripoti ya boksi haiwahusu tena.

Kuna mteja alinijia na kifaa chenye ripoti nzuri imejalidiwa kabisa, imeandikwa kimefaulu mvua. Nikakipasha moto mpaka kikawa kama nyuzi 10 juu ya joto la maji, kiwango chenyewe ndivyo kinavyotaka, nikakifungulia mvua, tulipokifungua kuna maji kama kijiko cha chai chini ya betri na gasketi, ule mpira wa kuziba, haina hata mkwaruzo. Hewa ya ndani ilikuwa imetanuka kwa joto, maji ya baridi yakaipiga ikasinyaa, ikanyonya maji kupitia kwenye uzi wa kukazia konekta. Waliompimia mwanzo walimwagia maji kifaa cha baridi wakapiga picha. Na gari lenu la doria maisha yake si ndiyo hayo, limeshinda juani, saa kumi mvua inashuka.

Kwa hiyo vipimo vinashonwa kwa mwili wa kifaa, havichukuliwi kama mtumba. Sehemu ya kwanza ya kiwango yote inaongelea hili na ndiyo watu wanairuka wakimbilie majedwali. Kaeni nyie wanne muandike maisha ya redio toka inatoka mezani kwenu mpaka inatupwa: inasafirishwaje, inakaa stoo gani na bati gani juu, inafungwa sehemu gani ya gari, nani anaiosha na anatumia kitu gani. Kifaa kinaweza kuumia stoo kuliko kazini. Kwenye jedwali la joto utakuta nyuzi 71 za stoo, hizo ni za jangwa, za sehemu zenye joto la kawaida ni 63, kwa hiyo usikopi tu namba kubwa ili uonekane mkali. Na mtetemo, ile ya lori iliyomo humo imetokana na barabara kuu za Marekani! Fungeni kifaa cha kupima mtetemo kwenye gari lenyewe mlipeleke kwenye barabara ya vumbi inayowauma, mpate data yenu.

Mpangilio sasa. Kuvu, unyevu na chumvi afadhali kila kimoja kiwe na sampuli yake. Kama hamna hela ya sampuli, kuvu kitangulie, maana chumvi inazuia kuvu kuota, na vumbi la kipimo cha vumbi linailisha, ukichanganya utapata majibu ya uongo.

Jamaa wa paketi namjua kwa aina yake. Atakwambia saa 96 za ukungu wa chumvi ni sawa na miaka kumi baharini. Uongo mtupu. Ni saa 24 za kunyunyiziwa chumvi, 24 za kukaushwa, mara mbili, na kiwango chenyewe kinasema muda huo haulingani na muda wowote wa kazini, kinakuonyesha tu udhaifu uko wapi. Kudondosha nako kuna ujanja, mara 26 kutoka sentimita 122, yaani pande 6, kingo 12, pembe 8, ila inaruhusiwa kugawa kwenye sampuli mpaka tano. Kwa hiyo zile kava za simu zilizoandikwa "kiwango cha kijeshi" inawezekana kabisa hakuna hata moja iliyodondoka mara 26, na muuzaji hajadanganya. Wanunuzi nao wanachangia, tenda imeandikwa "MIL-STD-810H" halafu nukta, bila mbinu, bila utaratibu, bila joto gani. Yenu kama iko hivyo waandikieni wawape orodha kabla hamjatumia hata mia.

Na maabara yoyote mtakayoenda, ulizeni redio itakuwa imewashwa na inarusha mawimbi wakati inapimwa? Wakisema itakuwa imezimwa kwenye vipimo vyote, chukueni redio yenu muondoke.