Uchungu ukikawia, hujakosa

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 22, niliolewa Bahi mwaka jana na hii ni mimba yangu ya kwanza, ipo wiki ya 36. Nesi wa zahanati alinipima kimo akapata sentimita 147, akaandika kwenye kadi nikajifungulie hospitali. Mume wangu ni fundi ujenzi kule Mtumba, anarudi Jumamosi. Naishi na mama mkwe. Yeye alizaa watoto saba hapa hapa nyumbani, haoni sababu ya kuhangaika na mjini, na ameshatafuta mizizi ya kuchemsha ili uchungu uende haraka. Lakini kinachoninyima usingizi ni neno alilosema juzi tukichambua mlenda, kwamba mwanamke akichelewa kujifungua ujue kuna jina la mwanaume wa nje hajalitaja. Shangazi, mimi sina jina la kutaja. Nikichelewa, nani ataniamini? Tena natamani mama yangu aliyeko Kondoa awe nami siku hiyo, ila naogopa mkwe ataona nimemdharau.

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama pale pale: "mimi sina jina la kutaja." Acha nianzie hapo, maana hayo mengine yanapangika.

Uchungu wa mtoto wa kwanza ni mrefu. Mlango wa kizazi unatakiwa ulainike, uwe mwembamba, halafu ufunguke mpaka sentimita 10, na kwako njia hiyo haijawahi kupitwa na mtu. Kabla ya kufika sentimita 5, tumbo linaweza kukaza na kuachia usiku kucha, likapoa asubuhi, likaanza tena jioni, na bado ikawa kawaida. Baada ya hapo kazi inapamba moto, na hata hapo mama wa mtoto wa kwanza anaweza kuchukua saa 12. Kusukuma nako kunaweza kufika saa mbili au tatu. Watoto wanaofuata kwa kawaida huja upesi zaidi. Mama mkwe akikumbuka uzazi wake, nadhani anakumbuka zaidi wale sita wa baadaye.

Ukikawia kupita kiasi, sababu zipo na zinapimika. Mtoto amelala vibaya, au kichwa ni kikubwa kuliko nyonga, au kizazi kinakaza bila nguvu ya kutosha. Ndiyo maana nesi alikupima kimo. Wanawake wafupi wanajifungua salama kila siku, usiogope, ila baadhi yao nyonga huwa nyembamba, na huwezi kujua mpaka siku yenyewe. Ikitokea hivyo, inatakiwa uwe mahali penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa. Mtoto aliyekwama hafunguliwi na jina la mwanaume.

Nakwambia haya kwa sababu na mimi niliulizwa. Nilikuwa na miaka 20. Tumbo lilianza kukaza jua likizama, wakanilaza kwenye chumba cha bati, na kulipopambazuka nikawa nahesabu matundu ya misumari yanayopenyeza mwanga. Yalikuwa 31. Mwanamke mmoja mtu mzima wa ukoo wetu, mtu niliyempenda sana, aliniinamia sikioni akasema, "Sema tu mwanangu, umwokoe mtoto." Sikuwa na la kusema. Kuanzia hapo nikanyamaza kabisa. Kila maumivu yakija nang'ata khanga, maana niliona nikilia watasema nimekiri. Nilipofikishwa hospitali mchana, mkunga akanipima, akasema, "Sentimita 6, unaendelea vizuri. Mbona umejikaza hivyo? Lia ukitaka kulia." Nikalia mpaka khanga ikalowa. Mtoto alitoka magharibi, kiganja chake kakiweka shavuni kama mtu anayewaza. Mkunga akanionyesha: kile kiganja kilikuwa kinamwongezea upana, ndiyo maana akachukua muda.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiulizwa, jibu moja tu: "Mama, nesi atanipima na atatuambia." Wakunga wana karatasi yao, patografu, wanaandika humo njia imefunguka kiasi gani na mapigo ya moyo wa mtoto yakoje. Hiyo ndiyo inayosema kama umechelewa au hujachelewa.

Sasa ile mizizi. Hapa sitapindisha maneno: usinywe, hata kijiko. Dawa hizo zinaweza kukaza kizazi kwa nguvu bila kukipa nafasi ya kupumzika, na hakuna anayejua ndani ya sufuria kuna kipimo gani. Kizazi kisipoachia, hewa ya mtoto inapungua. Njia ikiwa nyembamba na kizazi kinasukumwa kwa nguvu hivyo, kinaweza kupasuka, na hapo tunaweza kuwapoteza wote wawili. Hospitalini nako ipo dawa ya kuongeza uchungu, ila inaingia kwa dripu, tone kwa tone, na mtu amekaa pembeni anaangalia. Ukiletewa kikombe, usigombane. Sema umekatazwa kliniki, na kwamba ukifika hospitali utaulizwa umekunywa nini.

Kuhusu safari, usingoje uchungu ukukute Bahi. Mvua zikishika unajua makorongo ya huko yanavyofunga njia, tena usiku, na bodaboda si usafiri wa mwanamke ambaye tumbo linakaza. Kliniki ijayo muulize nesi habari za chigonela, ile nyumba ya kusubiria kujifungua, na iliyo karibu na hospitali uliyoandikiwa ni ipi. Ukitimiza wiki ya 38, nenda ukakae huko na unga wako, sufuria yako na beseni lako. Wengi huona kukaa hapo ni kupoteza siku. Mimi naona ndiyo siku zilizotumika vizuri kuliko zote za mimba. Na popote ulipo, ukiona damu inatoka, au kichwa kinagonga na macho yanaona ukungu, au mtoto amepunguza kucheza, au chupa imepasuka na maji ni ya kijani, msihesabu saa. Pigeni 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama, au mkimbilie kituo kilicho karibu.

Tuje kwa mama zako wawili. Wa kukaa nawe kwenye uchungu ni yule ambaye mbele yake huogopi kulia. Umeshanitajia ni nani, basi mama yako aje kutoka Kondoa. Muulize nesi mapema kama wodi yao inaruhusu msindikizaji aingie ndani, au ataishia mlangoni. Lakini habari hiyo usimpelekee mkwe wewe. Aipeleke mwanawe, kwa heshima, wakiwa wamekaa wawili. Aseme, "Mama, mke wangu ameandikiwa hospitali na mimi ndiye niliyeamua aende. Mama yake atamsindikiza. Wewe nakuomba utupokee mtoto." Na ombi hilo liwe la kweli. Mwombe khanga yake moja uende nayo, mtoto afunikwe hiyo. Mwombe akuandalie uji wa uwele siku ya kurudi. Mwanamke aliyelea watoto saba ana mikono inayojua kushika kichanga kuliko ya kwako na ya kwangu, na utaihitaji sana saa nane za usiku.

Mtoto akishatoka utachomwa sindano ya kuzuia damu isitoke nyingi, kisha kondo la nyuma litoke. Mtoto awekwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Yale maziwa mazito ya njano, dang'a, kuna watakaosema ni machafu yakamuliwe chini. Usimwage hata tone, hiyo ni kinga yake ya kwanza. Maji na uji kwake bado, mpaka miezi sita. Kuoga kungoje siku ipite. Kitovu kiachwe kikavu, bila majivu wala mate. Na wewe usikubali kuondoka kabla saa 24 hazijatimia, maana damu nyingi ikitoka, mara nyingi hutoka katika saa hizo.

Na kuna hili ambalo mimi sikuambiwa. Atatoka na kichwa kirefu, uso umevimba, ngozi ina utando mweupe kama siagi. Ni njia aliyopita, kichwa kitarudi. Inawezekana ukamtazama na usihisi chochote isipokuwa usingizi. Mimi nilimtazama wangu kama mgeni aliyekosea nyumba, nikajiona mama mbaya. Siku ya tatu, alfajiri, alinishika kidole akiwa ananyonya, nikashtuka natokwa machozi. Kwako inaweza kuja papo hapo, inaweza kuchukua wiki. Ila majonzi yakizidi wiki mbili, au ukajikuta hutaki hata kumshika, mwambie nesi. Nayo ina matibabu.

Jumamosi mumeo akirudi, mpe simu hii asome mwenyewe, hasa pale pa kuongea na mama yake. Wekeni pembeni nauli ya gari, tena mjue ni gari la nani na namba ya dereva mnayo. Aulize pia ndugu wawili wenye afya kama wako tayari kutoa damu ikihitajika. Wewe fua khanga nne na nguo za mtoto, zianike juani zikauke vizuri, uzifunge kwenye mfuko pamoja na kadi, mfuko ukae karibu na mlango. Na ukishajifungua niandikie. Nataka kujua jina la mtoto.