Kibla au mihrabu?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Natembeza wageni Kilwa Kisiwani na ninaandaa maelezo mafupi ya Msikiti Mkuu. Nimeandika: "Msikiti huu ulijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14. Kibla chake kiko kaskazini." Mwenzangu amekata "kibla" akaweka "mihrabu", akidai kibla si kitu cha kuonyeshwa kwa kidole. Lakini kwetu wazee wote husema kibla wakimaanisha pale anaposimama imamu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Wazee wako hawajakosea, na usithubutu kuwasahihisha. Hata hivyo, kwa maandishi unayoyaandaa, mwenzako ana hoja nzito.

Kibla ni upande, yaani uelekeo wa Kaaba. Mihrabu ni lile shubaka kubwa lenye tao lililo ndani ya ukuta wa mbele, anapoingia imamu kusalisha. Pwani yetu maneno haya mawili yameingiliana tangu zamani, na jiografia imechangia. Kilwa na Makka ziko karibu katika longitudo moja, kwa hiyo anayesali Kilwa huelekea kaskazini hasa. Ndiyo maana kamusi za zamani zinatoa kibla hata kwa maana ya kaskazini, kama suheli ilivyokuwa kusini. Upande, ukuta na shubaka vyote viko pamoja mbele ya macho. Kuviita kwa jina moja ni jambo la kawaida kabisa.

Tatizo ni kwamba sentensi yako inabeba maana mbili, na mgeni hatajua unamwonyesha ipi. Ukizitenganisha, utaweza pia kumweleza jengo lilivyokua. Sehemu ya zamani ya msikiti, yenye mihrabu, ni ile ya kaskazini. Upanuzi mkubwa ulifanywa nyuma yake, kusini, kwa hiyo safu mpya za wenye kusali ziliongezeka nyuma ya zile za awali. Hapo andika: "Msikiti ulipanuliwa kinyume na upande wa kibla, mihrabu ikabaki katika ukuta wa kaskazini." Jaribu kuiandika sentensi hiyo kwa neno moja tu, utaona inavyogoma. Ukutaka kuutaja ukuta wenyewe, "ukuta wa kibla" inatosha.

Hujaniuliza, lakini kitenzi chako "ulijengwa" kinanisumbua zaidi kuliko kibla. Kinamfuta aliyetangulia na aliyefuata. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11 au 12, kabla ya al-Hasan kuzaliwa. Yeye, yuleyule aliyejenga kasri la Husuni Kubwa na ambaye msafiri Ibn Battuta wa Morocco alimkuta akitawala mwaka 1331, alipanua. Upanuzi wake ulisimama juu ya nguzo za tumbawe, kila moja imechongwa kwa jiwe zima, nazo hazikuhimili uzito wa paa. Katika karne ya 15, enzi ya Sultani Sulaiman bin Muhammad (1421–1442), sehemu hiyo ilijengwa upya. Nguzo nene zenye pembe nane unazowaonyesha wageni leo ni za wakati huo, nazo zimejengwa kwa mawe na chokaa.

Angalia basi vitenzi: nguzo za kwanza zilichongwa, za pili zilijengwa. Tofauti hiyo ni ya fundi kabla ya kuwa ya mwandishi. Tumbawe likitolewa baharini likiwa bichi ni laini, linakubali patasi, kisha hukauka likawa gumu. Ndilo lililotumika kwa kazi za nakshi. Ukitaka kuona lilivyoweza kuchongwa, nenda Kizimkazi, Unguja: mihrabu ya pale ina maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Ukuta, kwa upande wake, ulijengwa kwa mawe magumu yaliyochimbwa nchi kavu.

Kwa paa, usiite kila kilichojipinda kuba. Kuba ni duara. Yale mapito marefu yaliyojikunja kama mtumbwi uliofudikizwa, yaite dari za tao.

Kuhusu ngeli, "kibla chake" ni sawa. "Kibla chao" imo pia katika tafsiri ya Kurani. Mihrabu ndiyo inayowateleza wengi, kwa kuwa mi- yake inafanana na ya miti. Mihrabu ikiwa moja huoni kosa, maana "mihrabu hii" inalingana na "miti hii". Wingi ndio unaofichua: ni mihrabu hizi, kama mimbari hizi, wala hakuna "mhrabu" mmoja.

Maelezo yako ningeyaandika hivi: "Sehemu ya kaskazini ya msikiti huu ni ya karne ya 11 au 12. Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua kuelekea kusini katika karne ya 14, na upanuzi huo ukajengwa upya katika karne ya 15. Mihrabu iko katika ukuta wa kibla, upande wa kaskazini."