Unaenda Minneapolis? Jua kwanza pa kulaza gari

Wadogo zangu, kila msimu wa masomo ukikaribia, vijana wanakuja hapa Njiro, Arusha, kuniuliza habari za Minneapolis kule Marekani, na swali la kwanza huwa koti. Koti utalipata kule kule, tena la bei rahisi (hiyo mitumba ya soko la Kilombero mnadhani inatoka wapi?). Kitakachokutoa jasho ni gari. Na ninyi mliotoka Moshi msijidai theluji mnaijua kwa sababu mnaiona Kibo kila asubuhi. Ile haijawahi kufunika gari la mtu.

Utaratibu wa jiji ni huu. Theluji ikianguka nyingi, jiji linatangaza dharura kabla ya saa 12 jioni, na amri inaanza saa 3 usiku. Kuanzia hapo mpaka saa 2 asubuhi, hakuna kupaki upande wowote wa zile barabara zenye vibao vya dharura ya theluji. Kesho yake, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, inakuja zamu ya mitaa ya kawaida: unaondoa gari upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu, saa zile zile, upande wa namba witiri. Ndiyo, shufwa na witiri za shule ya msingi zinakusubiri huko.

Wanapokezana pande kwa sababu lori la kukwangua haliwezi kupita palipo na gari. Likilikwepa gari lako, theluji inabaki pale, inagandamana, na mtaa unazidi kuwa mwembamba hadi gari la zimamoto linashindwa kupita. Kwa hiyo usilale ukisema nitaliondoa alfajiri. Utakuta nafasi tupu, gari liko yadi, nawe unadaiwa faini, gharama ya kuvutwa na ya kulilaza huko. Ila mtaa ukishakwanguliwa mpaka ukingoni, unaweza kurudisha gari hata kama saa hazijaisha. Hilo wageni wengi hawaambiwi, wanazunguka bure na gari usiku.

Halafu chumvi. Utaona malori yanaimwaga barabarani, utadhani barabara imeshapona. Chumvi ya kawaida inayeyusha barafu vizuri lami ikiwa chini kidogo ya sifuri. Lami ikishuka kuelekea nyuzi 10 chini ya sifuri, inafanya kazi kwa kusuasua, na usiku wa Januari kule kushuka kupita hapo ni kawaida. Hapo wanachanganya kemikali nyingine, au wanamwaga mchanga ili tairi lishike tu. Mchanga hauyeyushi kitu. Ukiuona, ujue barafu bado ipo chini yake.

Wala usitegemee wamwage chumvi bila kiasi. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kuchafua lita 19 hivi za maji kwa viumbe wa ziwani, na jiji lile limejaa maziwa. Ikishaingia majini haitoki kirahisi. Sisi wa Arusha na floridi yetu ya majini, ile inayotia meno rangi, hatuhitaji kufundishwa hilo.

Ukiwa unaendesha, ogopa zaidi madaraja, na mto Mississippi unapita katikati ya jiji, kwa hiyo ni mengi. Daraja linapigwa na baridi juu na chini, linaganda kabla ya barabara. Barafu yake haionekani. Lami inang'aa kama imelowa tu. Punguza mwendo kabla hujalipanda, ukiwa juu yake usikate usukani ghafla. Waliowahi kupanda Sakina, hapa Arusha, kwenye tope la masika miguu yao inajua. Na lori la chumvi likiwa mbele, kaa nyuma, usilipite. Dereva wake hakuoni vizuri, na mbele yake ndiko hakujakwanguliwa.

Njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba si kazi ya jiji. Theluji ikiacha kuanguka, nyumba ya familia moja au mbili ina saa 24 za kuisafisha. Majengo makubwa ya kupanga na maduka yana saa 4 tu za mchana. Kuisukumia barabarani ni kosa, irundike kwenye uwanja wenu. Mchanga wa kumwaga njiani jiji linautoa bure, unakwenda na ndoo yako. Ukipata nyumba ya kupanga, kabla ya kusaini muulize mwenye nyumba mambo mawili: nani anakwangua, na beleshi liko wapi.