Re: Mkia mrefu, ni spishi mpya?

Mkuu umeuliza kama mkia kuwa mrefu kuliko wa kwenye kitabu inatosha kusema umepata spishi mpya ya minyoo fundo (minyoo wadogo sana wanaofanya mizizi ya mimea iote vinundu), bado sana aisee. Hao minyoo vipimo vyao vinacheza kutegemea mmea wanaokula na hata ulivyowaua na kuwahifadhi, sasa ukipima watatu tu unajidanganya, pima kama 20 hivi wa kila hatua ya ukuaji, angalia sindano ya mdomoni, kisha kata kipande cha nyuma cha jike usome michirizi ya ngozi yake. Halafu DNA, na hapa ndo wengi wanakwama, kwa spishi kuu za nchi za joto ITS (kipande cha DNA kinachosomwa sana kutofautisha spishi) inafanana karibu kwa zote, ongeza jeni za mitokondria (sehemu ya seli yenye DNA yake yenyewe). Cheki Meloidogyne enterolobii, mmoja wa minyoo fundo hao, ilielezwa 1983 kutoka China, 1988 ikatangazwa Meloidogyne mayaguensis kama spishi mpya kumbe ni mnyoo yule yule! Na kwa majina yote mawili watu walikuwa wanamchanganya na Meloidogyne incognita, spishi nyingine ya minyoo fundo. Ukithibitisha, teua kielelezo kimoja (mnyoo mmoja atakayebeba jina hilo) na useme kimehifadhiwa wapi, bila hivyo jina halisimami.