Mgongo wa mbawakawa kutoka mweupe kwenye picha
Mdogo wangu, hao mbawakawa uliowapiga picha hifadhi ya Rubondo wameungua mgongoni, yaani mgongo umetoka mweupe mtupu, kwa sababu kamera imeona giza la msitu nyuma yao, ikaongeza mwanga kupita kiasi. Panga mwenyewe: f/11 (tundu la lenzi), 1/200 (muda, sehemu ya sekunde), ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), flashi ndiyo ifanye kazi. Ila flashi kavu kwenye gamba linalong'aa huacha doa jeupe, iwekee kitambaa cheupe mbele na uisogeze karibu kabisa na mdudu, mwanga ulainike. Ukizidi kumkaribia, lenzi inakula mwanga. Ongeza nguvu ya flashi. Skrini ya kamera inadanganya juani, tazama histogramu, ile grafu inayoonyesha giza na mwanga wa picha. Mazoezi fanyia hapo hapo Mwanza, sisimizi wa kwenye mawe ya Capri Point hawana kiingilio.