Maswali ya Wasomaji: Mafuriko ya Mto Tana Yasiyongoja Mvua ya Kwetu

SWALI: Mhariri, ninalima kando ya Mto Tana, karibu na Garsen. Mwaka 2024 maji yalituingia usiku ilhali kwetu mvua ilikuwa imekatika kitambo. Redioni tulisikia kwamba mabwawa ya juu yamejaa, lakini hatukuelewa habari hiyo inatuhusu vipi. Ninaishi na mama mkwe asiyeweza kutembea pamoja na watoto wanne. Nitajuaje kwamba wakati wa kuhama umefika, na nianze na nini?
Mkulima, Kaunti ya Tana River

JIBU: Mama, pole kwa yaliyowapata. Ile habari ya mabwawa ndiyo iliyokuwa onyo lenyewe, na ni kasoro ya watangazaji kwamba waliitoa bila kueleza maana yake kwa mtu wa Garsen.

Maji ya Tana hayatoki kwenu. Hutoka kwenye miteremko ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, kisha hupita katika mabwawa matano yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ndilo kubwa kuliko yote na ndilo linalopokea maji kwanza, kwa hiyo likiwa na nafasi huuzuia mto usije kwa kishindo. Likishajaa, na yale manne ya chini yake yakiwa yamejaa pia, kama ilivyokuwa mwishoni mwa Aprili 2024, hakuna tena cha kuyazuia maji: yatateremka Garissa na Madogo, yapite Bura na Hola, na hatimaye yasambae kwenye delta mnakoishi. Safari hiyo huchukua siku kadhaa kwa sababu bonde ni tambarare na mto unajipindapinda sana. Siku hizo ndizo akiba yenu. Ukisikia kwamba Masinga inafurika, au kwamba Garissa maji yamepanda, hesabu kuwa mto umekwisha kuanza safari ya kuja kwako, hata kama mbingu za Garsen ni nyeupe.

Juu ya hilo, wekeni alama yenu wenyewe. Chomekeni mti imara ukingoni, mahali panapoonekana bila kuukaribia mto (mamba nao husogea maji yanapopanda), mkate mikato miwili. Maji yakifika mkato wa chini, mama mkwe anaondoka siku hiyo hiyo mchana, pamoja na mtoto mdogo na nyaraka. Yakifika wa juu, wote mnaondoka. Jambo la maana ni kuafikiana mapema, wakati watu wametulia, kwa kuwa usiku wa mafuriko kila nyumba huwa na mtu anayesema tungoje kidogo. Afikianeni pia ni nani atakayembeba mama, kwa kitanda au kwa mkokoteni, na mtafikia kwa nani penye mwinuko. Asiyeweza kutembea ndiye wa kwanza kuondoka kwa sababu kumhamisha kunahitaji barabara kavu, na barabara ndiyo hukatika mwanzo.

Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na hati ya shamba zitiwe katika mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, ufungwe na kutundikwa karibu na mlango. Dawa anazotumia mama kila siku ziwe na akiba inayomtosha kwa siku za kambini.

Mbegu nazo zisisahaulike. Mahindi na kunde za mbegu zikaushwe vizuri, zijazwe hadi juu katika mtungi mkavu wa lita 20 usiovuja, kifuniko kikazwe na kuzibwa pembeni kwa nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, kisha mtungi upelekwe kwa jamaa aishiye juu mvua zinapoanza. Wanaowaambia watu wa Tana wahame ukingoni moja kwa moja husahau kwamba tope linaloachwa na mafuriko ndilo udongo bora kuliko wote. Maji yakishuka, mwenye mbegu hupanda unyevu ukiwa bado upo, na asiye nazo hungoja msaada huku ardhi ikikauka.

SWALI: Kijana wangu ni bodaboda, na barabara ikifunikwa na maji husema anaijua vizuri na anaweza kuvuka. Je, maji ya magotini ni hatari kweli?
Mzazi, Madogo

JIBU: Ni hatari hata kabla hayajafika magotini. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 hubeba magari mengi. Kijana anaijua barabara ya jana, na mto huwa umekwisha kuichimba chini. Boti nayo si salama kwa sababu tu ni boti: tarehe 28 Aprili 2024, barabara ya Garissa ilipokuwa imekatika, boti iliyojaa watu ilipinduka hapo hapo kwenu Kona Punda, na kuna waliokufa maji. Asipande chombo kilichojaza watu kupita kiasi wala kisicho na majaketi ya kuokolea. Mtu akikwama, pigeni 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

SWALI: Baada ya mafuriko ya zamani mbuzi wetu walitupa mimba kwa wingi na watu wakaugua. Tufanye nini mapema?
Mfugaji, Bura

JIBU: Dalili hizo zinafanana na za Homa ya Bonde la Ufa, iliyozuka kaskazini mashariki mwa Kenya baada ya mvua kubwa za 1997 na tena za 2006. Mbu wanaoieneza hutaga mayai katika mabonde, na mayai hayo hukaa ardhini miaka mingi yakingoja maji. Chanjo ya mifugo ifanywe kabla ya mvua, kwa sababu ugonjwa ukishaingia, sindano inayotumiwa kwa mnyama mmoja baada ya mwingine inaweza kuusambaza. Wakati wa mafuriko chemsheni maziwa yote, lalieni vyandarua, na mnyama mgonjwa au aliyekufa ghafla asichinjwe wala kuchunwa. Anayelazimika kushika kitoto kilichotupwa avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, akizike mbali na mbwa, na daktari wa mifugo wa wadi aarifiwe siku hiyo hiyo.